Waliomwagilia Pichi

Kuna ubaya ambao mtu anaweza kuusamehe, maana aliyeufanya anajua alichofanya na siku moja atainamisha kichwa. Lakini ubaya unaoletwa na watu ishirini na watatu waliovaa fulana mpya, wanacheka, wanapigana picha, kila mmoja na moyo wake mweupe kabisa, huo unausameheje? Nauliza tu. Mama Rola alijiuliza hivyo siku tano mfululizo, na mimi niliyemsikiliza mpaka leo sijampatia jibu.

Hilo jina la Rola walimpa wanachama wa kilabu, kwa sababu ya lile pipa zito la chuma analolivuta huku na huku tangu asubuhi. Kazi yake ni kutunza uwanja wa kriketi. Wapo watu wakisikia mwanamke wa miaka hamsini na sita anatunza uwanja, wanadhani anaokota chupa na kufukuza mbuzi. Hapana bwana. Mama Rola anatengeneza pichi.

Pichi, kwa asiyejua, ni ule ukanda wa udongo mgumu katikati ya uwanja, yadi ishirini na mbili kwa urefu. Mrushaji anarusha mpira, mpira unadunda hapo, ndipo unamfikia mpigaji. Mchezo mzima unategemea ule mdundo. Udongo ukiwa mgumu na sawa, mpira unadunda kwa heshima, mpigaji anaujua unakuja wapi. Udongo ukiwa na maji, mpira huu utalala chini, na unaofuata utaruka kumtafuta mtu meno. Kwa hiyo Mama Rola huinywesha pichi siku kumi na mbili kabla ya mechi, kisha anaanza kuikausha: rola asubuhi, jua la mchana, rola jioni, nyasi zinakatwa mpaka zinabaki kama ndevu za siku mbili, halafu rola tena. Siku tatu za mwisho hakuna tone la maji linaloigusa. Na pichi iliyoiva haipendezi macho, lazima niwaambie mapema. Inakuwa na rangi ya biskuti, imepauka. Asiyejua akiiona anaionea huruma.

Hakufundishwa na mtu. Aliajiriwa pale kufua mapazia na kupiga deki kwenye jumba la wachezaji. Mtunzaji wa zamani alikuwa mzee mwenye mgongo mbovu na mdomo mbovu zaidi, akiona mtu anamtazama kazini anamtupia matusi. Mama Rola akawa anaiba ujuzi kupitia dirishani, kitambaa mkononi, anajifanya anafuta vioo. Vile vioo viling'aa miaka miwili mizima. Siku mzee aliposhindwa kuinuka kitandani, ikiwa imebaki wiki moja kabla ya mechi kubwa, mama alivua aproni akaenda akashika mpini wa rola. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyemkataza pia, maana wanachama walifika, wakakuta pichi iko tayari, wakaisifu, wakadhani mzee amepona. Iliwachukua miezi minne kugundua. Miezi minne, jamani, na wanapita pale kila Jumamosi.

Tangu hapo ni miaka kumi na minane, na kila mwaka katika miaka hiyo kulikuwa na tamasha. Vilabu vya kujitolea kutoka miji mbalimbali, na vingine kutoka nchi jirani, hukusanyika siku tatu kucheza kriketi. Wachezaji wenyewe ni watu wazima wenye vitambi: madaktari, mawakili, wauza matairi. Hawachezi kwa ajili ya ushindi, wanacheza kwa ajili ya udugu. Mtu akifikisha mbio thelathini, ndizo alama za mchezo huu, anatoka kwa hiari yake, ili mwenzake naye apate zamu. Timu zikimaliza mechi zinabadilishana kofia. Aliyeudondosha mpira hupigiwa makofi kuliko aliyeudaka. Wanaitana ndugu, hata waliojuana tangu saa mbili asubuhi. Na kabla ya chakula cha mchana wanasimama wote, mkono kifuani, wanasema kiapo chao kwa sauti moja: kweli kwanza, mwenzangu pili, mimi mwisho.

Nisiwaonee. Mama Rola aliwapenda watu wale. Kile kiapo alikuwa anakisikiliza amesimama mlangoni kila mwaka, na kila mwaka kilimsisimua. Alimwambia mume wake, fundi cherehani anayewashonea suruali nyeupe za mchezo, kwamba kama dunia nzima ingeapa vile kabla ya kula, mambo yangekuwa mengine. Mume akamjibu kwamba angependa kwanza kuwaona baada ya kula. Huyo fundi ana maneno.

Sasa, mwaka jana mvua ilinyesha siku ya tamasha, pichi ikaharibika, wageni wakanung'unika. Mvua. Hata hivyo kamati ilikaa ikaamua kwamba yatosha. Mwenyekiti, ambaye ana maduka mawili ya miwani na sauti laini ya kumwongelesha mteja, alimwita Mama Rola akamweleza kwamba wageni wakilalamika tena, udongo utachimbwa, utamwagwa zege, na juu yake litatandikwa zulia la plastiki. Siku hizi ndiyo mtindo, alisema. Halihitaji maji, halihitaji rola, halihitaji mtu. Yeye asihofu, hatafukuzwa, yale mapazia bado yapo.

Mapazia. Mtu ametengeneza ardhi kwa mikono yake miaka kumi na minane, unamwambia mapazia bado yapo. Mama Rola akaomba apewe tamasha moja tu, hili linalokuja. Wageni wakisifu, pichi ibaki. Wakilalamika, atakunja mikono mwenyewe. Mwenyekiti akakubali, wakapeana mikono.

Tangu hapo aliivalia njuga ile pichi. Kufikia Alhamisi, siku mbili kabla ya tamasha, ilikuwa imekauka, ngumu, iko sawa kiasi kwamba angeweza kuweka glasi ya maji popote isimwagike. Aliizungushia kamba, akasimamisha kile kibao chake cha siku zote kilichoandikwa USIGUSE, akaenda kumsindikiza mumewe hospitali kutolewa nyuzi, maana alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri. Foleni ilikuwa ndefu. Walirudi nyumbani jua limezama.

Alhamisi hiyohiyo ilikuwa Siku ya Huduma. Ni desturi ya kilabu kwamba kabla ya kucheza lazima wahudumie watu: mwaka mmoja walipaka rangi shule, mwaka mwingine walizibua mitaro ya soko. Mwaka huu mwenyekiti alikuwa na wazo lililomjia bafuni, mwenyewe alisema hivyo. Wamhudumie Mama Rola. Mume anaumwa, kazi imemwelemea, uwanja umechoka. Wamfanyie jambo la kumshangaza.

Wakamshangaza kweli.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Rola aliingia uwanjani, akakuta mabenchi yamepakwa rangi nyeupe. Takataka zimezolewa. Moyo wake ulianza kufurahi, nakwambia, alitabasamu. Halafu akakiona kibao chake kimeegemezwa ukutani, kinakauka. Walikuwa wameking'oa wakipake rangi, kwa sababu maandishi yalikuwa yamefifia. USIGUSE, kwa rangi nyekundu mbichi, herufi nzuri sana. Kamba ilikuwa imekunjwa vizuri pembeni. Akatembea mpaka katikati, akaweka mguu juu ya pichi, na mguu ukazama mpaka kwenye kifundo.

Walikuwa wameimwagilia. Waliiona imepauka, wakaihurumia, wakavuta mpira wa maji kutoka bombani wakaiacha inakunywa saa mbili nzima.

Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye nyasi, akashika tama. Kisha akampigia simu daktari wa meno, kwa sababu huyo ndiye mwanachama pekee aliyeijua pichi. Amecheza kriketi tangu shule, huja asubuhi kuibonyeza kwa kidole na kumuuliza mama maswali ya maana. Alikuja upesi, amevaa koti la kazini. Alipoona, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akaanza kueleza kwamba walimfikiria yeye na mgonjwa wake, kwamba nia ilikuwa njema, kwamba watu walijitolea kwa moyo.

"Nani alifungua maji, daktari?" Mama Rola akamuuliza.

Daktari alitazama viatu vyake. "Tulikuwa wengi, mama."

Tulikuwa wengi. Hapo ndipo damu ilipomchemka. Maana daktari alikuwepo. Daktari alijua kwamba pichi haipewi maji siku mbili kabla ya mchezo. Aliwaona wanavuta mpira wa maji, akajua, akanyamaza, kwa sababu ndugu walikuwa wanafurahi na hakutaka kuwa yule mtu wa kuharibu furaha. Alimwambia hivyo mwenyewe, kwa sauti ya chini, kana kwamba kukiri kwake ndiko kutakakoikausha.

Siku ile mama alipambana. Rola haiwezi kupita juu ya tope, inabeba udongo na kuondoka nao, kwa hiyo alitandika magunia, akayakanyaga, akayakamua, akatandika tena. Saa nne akamwona mumewe anakuja anatembea kwa kuchechemea, mkono mmoja tumboni, nyuma yake mkokoteni wa kukodi umejaa vipande vyote vya nguo alivyobakiza miaka yote ya ushonaji wake. Sufu, khaki, bitana za makoti. Mama alimgombeza kwamba nyuzi ndiyo kwanza zimetoka. Fundi akajibu kwamba hospitali wamempa amri ya kutonyanyua kitu, lakini hakuambiwa asikae juu ya nguo, akakaa juu ya nguo na nguo zikanyonya maji. Jua lilikuwa la kinyonge. Kufikia jioni pichi ilikuwa imekauka ngozi ya juu tu.

Jumamosi tamasha likaanza. Mechi ya kwanza, wageni ndio wa kwanza kupiga. Nahodha wao alikuwa mfamasia, mtu mpole, mwenye mvi, amesafiri siku nzima na nusu kufika. Mpira wa kwanza ulidunda ukalala. Wa pili ukalala, watu wakacheka. Wa tatu ulidunda sehemu ileile, ukaruka kutoka kwenye ufa wa tope, ukampiga kidoleni. Kidole cha shahada kilivunjika, kila mtu alisikia. Mchezo ukasimamishwa.

Mama Rola alikuwa nyuma ya ubao wa kuandikia mbio, gunia bado liko mkononi, aliposikia kipaza sauti. Ilikuwa ile sauti laini. Mwenyekiti aliwaomba radhi ndugu zake wageni. Alisema kwamba mtunza uwanja wao, mama mchapakazi wanayempenda sana, wiki hii alikuwa na matatizo ya kifamilia, kazi ikamzidi nguvu, wamwelewe kibinadamu.

Hebu nambie. Angemtukana ingekuwa afadhali, maana tusi unaweza kulirudisha. Huyu alimzika kwa upole, na watu wazima pale uwanjani wakatikisa vichwa kwa huruma, masikini mama.

Saa saba wakaingia ukumbini kula. Wakasimama, wakaapa, wakakaa. Kwenye chakula cha tamasha kuna kitu wanakiita mahakama. Mwanachama mmoja, muuza matairi mwenye kitambi cha kuchekesha, hufanywa sajini. Kazi yake ni kushtaki watu kwa makosa ya utani: aliyelala fofofo akiwa mwamuzi, aliyevaa soksi mbili tofauti. Anayepatikana na hatia huvishwa kofia la kijani lenye masikio ya sungura, watu wanacheka, udugu unaendelea. Siku hiyo hali ukumbini ilikuwa nzito, mfamasia amekaa na mkono uliofungwa, sajini akaona apunguze uzito. Akamwita Mama Rola aje mbele.

Mama aliingia na tope lake mpaka magotini. Sajini akasoma shtaka kwamba mtuhumiwa ameonekana akifuga kambale kwenye pichi bila kibali cha kamati. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Akamnyooshea kofia.

Hakulipokea. Alingoja kicheko kiishe chenyewe.

"Miaka kumi na minane nimesimama mlangoni pale mnaapa," alisema. "Neno lenu la kwanza ni kweli. Mimi si mwanachama, siwezi kumwapisha mtu. Naomba tu aliyeshika mpira wa maji Alhamisi asimame, mgeni wetu amwone."

Watu ishirini na watatu, wote mle ndani, wamekula kiapo dakika kumi zilizopita, wali bado mdomoni, na hakuna aliyesimama. Mmoja alikohoa. Mwingine akaanza kutafuta kitu mfukoni. Ila kwenye ukuta nyuma ya mwenyekiti kulikuwa na skrini kubwa inayopitisha picha za Siku ya Huduma, tangu asubuhi zilikuwa zinazunguka zenyewe na hakuna aliyekumbuka kuzizima. Picha ya mabenchi ikapita. Picha ya kibao ikapita. Kisha ikaja ya mwenyekiti mwenyewe, katikati ya pichi, ameinua mpira wa maji juu kwa mikono miwili, kinywa wazi kwa kicheko, na nyuma yake daktari wa meno anapiga makofi.

Mfamasia aligeuka akaitazama mpaka ilipopita.

Daktari ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema kwamba alijua, akanyamaza, na kidole cha ndugu yake kimevunjika kwa ajili ya ukimya wake. Akasimama muuza matairi. Wakasimama wengine, kiti kimoja kimoja, mpaka wote. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli, sisemi kwamba aliigiza. Alichukua lile kofia la masikio akajivisha mwenyewe, akamwomba Mama Rola msamaha mbele ya vilabu vyote. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wakamkumbatia na tope lake. Mama, moyo ukamlegea. Aliona ameshinda.

Mwenyekiti akainua mkono watu wanyamaze. Akasema kwamba leo wamejifunza jinsi mama huyu anavyoteseka. Kwamba ni aibu kilabu cha kujitolea kumwacha mama wa umri ule avute chuma juani. Kwa hiyo anatoa pendekezo kwamba zulia la plastiki lisiwe tena adhabu, liwe huduma. Liwe zawadi ya vilabu vyote kwa Mama Rola, apumzike. Jumanne, tamasha likiisha, mafundi waingie kazini. Nani anaunga mkono?

Wote waliunga mkono. Walisimama kabisa, wengine juu ya viti, wanapiga makofi na kuita jina lake. Yeye alisimama katikati yao mikono imening'inia.

"Sikuomba kupumzishwa," alisema, lakini kwa kelele zile ni daktari tu aliyemsikia, naye aliendelea kupiga makofi.

Jumapili mechi zilihamishiwa uwanja wa shule ya jirani. Mama Rola angeweza kubaki nyumbani. Fundi alimshauri abaki, akamwambia wale watu wamemvisha kilemba cha ukoka, hawamdai kitu. Yeye akasema fainali ni Jumatatu na pichi ni yake. Jua lilikuwa limetoka kali tangu Jumamosi mchana. Alipitisha rola asubuhi, mchana na jioni, na udongo ule uliokuwa umezama ukashikana kwa ugumu ambao hata yeye hakuwahi kuuona. Jumatatu walicheza juu yake kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, na mpira haukudunda vibaya hata mara moja. Wazee wenye vitambi walipiga mipira ambayo hawakuwahi kuipiga tangu ujana wao. Mfamasia, ambaye hakuweza kucheza, alikwenda kuigusa pichi kwa ule mkono wake mzima wakati wa mapumziko, akarudi akamwambia mwenyekiti kwamba kwao hakuna pichi kama ile na kwamba kuifunika ni dhambi. Mwenyekiti akamwelewa sana. Lakini michango imeshaahidiwa, alisema, na mtu hawezi kuwavunja moyo ndugu waliojitolea.

Mechi ikaisha. Wakaleta meza yenye vikombe vya washindi, wakaiweka katikati kabisa ya pichi, kwa sababu hapo ndipo palipopendeza. Viongozi wa vilabu wote wakapanda juu ya pichi na viatu vyao vya ngozi kwa ajili ya hotuba. Mama Rola alitoka pembeni ya uwanja akatembea mpaka katikati, hakukimbia, hakuinua sauti.

"Shukeni," alisema.

Mwenyekiti alimshika bega kwa upole. "Mama, si kesho mafundi wanakuja kuichimba? Haina haja tena."

"Kesho mtaichimba. Leo bado ni pichi na mmeikanyaga kwa visigino. Shukeni wote."

Wakatazamana. Daktari alishuka wa kwanza, akifuatiwa na sajini. Halafu mawakili, marais wa vilabu vya nchi jirani, mmoja mmoja, wananyanyua miguu na kuiweka kwenye nyasi kwa uangalifu. Wanne wakainua meza. Mwenyekiti akabaki peke yake kidogo, kisha na yeye akashuka. Mama Rola alipiga magoti kwenye pichi iliyobakiwa na siku moja ya kuishi, akaanza kuziba mashimo ya visigino kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, na ndugu wote wakasimama kumzunguka, vikombe mikononi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.